Kadi ya Mwandishi wa Pili

Kitabu kilichoandikwa na watu wawili hakiwezi kukaa rafu mbili. Katika maktaba ya mtaa ninapofanya kazi hapa Toronto, jina linalotangulia kwenye ukurasa wa kichwa ndilo linaloingia kwenye lebo ya mgongoni, na lebo ndiyo inayoamua kitabu kilale wapi. Kwa hiyo Him, riwaya ya mapenzi ya vijana wawili wachezaji wa hoki ya barafuni waliyoitoa Sarina Bowen na Elle Kennedy mwaka 2015, inalala kwenye B. Februari iliyopita kijana mmoja aliingia na theluji mabegani, akaenda moja kwa moja kwenye K, akapekua, akakosa. Akanijia kwa sauti ya chini kuuliza kama tumekiondoa. Alivyouliza nilijua alishalitarajia jibu la ndiyo. Nikamchukua hadi kwenye B nikamkabidhi.

Kazi hii niliianza Tanga, enzi za kadi. Kila kitabu kilichapiwa kadi yake kuu kwa taipureta, na kikiwa na waandishi wawili, yule wa pili naye alichapiwa kadi ya nyongeza ikaingia kwenye droo ya herufi yake. Ilikuwa kazi ya kuchosha, hasa utepe wa wino ukiwa umekauka na mkubwa wako hataki kusikia habari ya utepe. Lakini mtu hakupotea. Siku hizi kompyuta inamkumbuka mwandishi wa pili ukiiuliza. Rafu haimkumbuki, na watu wengi wanaiuliza rafu kwanza.

Nimezeeka na ugonjwa wa kuwatafuta hao wa pili. Na sijaona droo yenye waliopotea wengi kama ya hadithi za mapenzi ya wanaume kwa wanaume. Hizi ni hadithi ambazo tangu zamani zimependa mikono zaidi ya mmoja. Mwanzoni wingi ulikuwa maficho. Kazi ikiwa ya watu wanne, nani atashikwa?

Twende London, mwaka 1890. Mfaransa Charles Hirsch alikuwa na duka la vitabu mtaa wa Coventry, likiitwa Librairie Parisienne, na miongoni mwa wateja wake alikuwa Oscar Wilde, ambaye mwaka uleule alikuwa ametoa riwaya yake ya Dorian Gray kwenye jarida na kutukanwa magazetini. Kwa simulizi ya Hirsch mwenyewe, siku moja Wilde alikuja na kifurushi kidogo kilichofungwa na kutiwa lakiri. Akamwambia atakuja rafiki yangu kukichukua, ataonyesha kadi yangu, mpe. Rafiki akaja, akaonyesha kadi, akaondoka nacho. Baada ya siku kadhaa akakirudisha, akasema atakuja mwingine. Akaja mwingine. Kikatoka, kikarudi, kikatoka tena. Wa mwisho alikuwa mzembe: alikirudisha kimefungwa utepe tu, bila lakiri. Hirsch, muuza vitabu ambaye hakuumbwa malaika, akakifungua.

Ndani alikuta mswada wa riwaya. Mwandiko haukuwa mmoja. Kulikuwa na mistari iliyokatwa, maneno yaliyoongezwa pembeni, kurasa zilizorekebishwa na mkono usio wa aliyeziandika. Juu kabisa neno moja: Teleny. Ni kisa cha René Teleny, mpiga piano Mhungari, na Camille Des Grieux anayemwona kwenye onyesho na kupotea hapohapo. Mapenzi yao yanapanda, yanavurugwa na madeni na usaliti, na Teleny anakufa kwa kujichoma kisu.

Wapo wataalamu wanaoitilia shaka simulizi ya Hirsch, na wanaobishana ni sentensi gani za Wilde na zipi si zake. Mimi naona wanatafuta kitu kisichotakiwa kutafutwa. Kadi ile iliyokuwa ikionyeshwa dukani ndiyo mtambo wote. Aliyekuja alihitaji kuonyesha kadi tu, basi. Mwaka 1893 mchapishaji Leonard Smithers alikichapa kwa siri nakala 200, bila jina la mwandishi yeyote, na kwenye nafasi ya mji wa uchapaji akaandika Cosmopoli, mji usiokuwepo. Hadithi yenyewe ikahamishwa: mswada aliousoma Hirsch ulikuwa wa London, kilichotoka kiwandani kikawa cha Paris. Hirsch aliirudisha London katika toleo la Kifaransa la mwaka 1934. Kitabu kilikimbia kama walivyokimbia waandishi wake.

Na walikuwa na sababu. Kifungu cha 11 cha sheria ya mwaka 1885 kilifanya tendo lolote la "aibu" baina ya wanaume kuwa jinai, hata faraghani, na kwa kifungu hicho Wilde alifungwa miaka miwili na kazi ngumu tarehe 25 Mei 1895. Waingereza walipotuandikia sheria zetu hawakukisahau. Kifungu cha 165 cha kanuni ya adhabu ya Kenya ni mjukuu wake halisi, na Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa kukifuta tarehe 24 Mei 2019, ikibaki siku moja itimie miaka 124 tangu hukumu ya Wilde. Nilipoziweka tarehe hizo pamoja kwenye karatasi nilizitazama muda mrefu.

Hapa niseme neno kuhusu maneno. Kwetu Tanga shoga ni rafiki wa mwanamke. Shoga yangu ni yule aliyeniazima doti ya kanga nikaenda nayo harusini na sijairudisha mpaka leo. Neno limepewa kazi nyingine mitaani na sasa linarushwa kama jiwe. Kwa hiyo humu nitaandika wanaume wanaopendana. Ni refu, lakini shoga yangu abaki na jina lake.

Niliwahi kuandika na mtu. Ilikuwa Dar es Salaam mwaka 1994, hadithi ya mapenzi ya mfululizo kwenye gazeti moja la wiki, na mwenzangu alikuwa kijana wa Ilala mwenye kalamu nyepesi kuliko yangu. Tulikubaliana mimi nimwandike mwanamume na yeye amwandike mwanamke, kila mmoja sura yake, tukibadilishana karatasi kwa mkono wa kondakta wa daladala aliyekuwa binamu yake. Juma la tano akanijia kazini, amekunja uso.

"Dada, huyu bwana umemvua shati ukurasa wa mwisho."

"Ndiyo. Kuna joto."

"Mimi nimeanza kwa kumvua shati. Amevaa mangapi?"

Tulicheka mpaka mkubwa wangu akatoka kuangalia. Lakini shati halikuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa kwamba mwenzangu hakuvumilia mwanamke wake ashindwe katika ugomvi wowote. Kila nilipomwandikia mwanamume wangu neno la kumaliza mazungumzo, sura iliyofuata ilifungua na jibu kali kuliko hilo. Wasomaji walipenda sana. Mhariri naye alipenda, ila si kiasi cha kutulipa sura sita za mwisho. Tuliiachia hadithi njiani, wapenzi wetu wakiwa kituo cha mabasi Kisutu, mmoja ana tiketi ya Tanga na mwingine hana. Kwa ninavyojua wako palepale.

Tangu siku hizo nikisoma kitabu cha watu wawili natafuta mshono. Na nikapata kuelewa kwa nini mtindo wa kugawana wahusika umeshika sana kwenye mapenzi: wapenzi ni watu wawili wanaotaka kuelewana na hawaelewani, na waandishi wawili hawahitaji kuigiza hilo.

Wanaume wawili wanaleta tabu nyingine, ya sarufi. Kwa Kiingereza kuna kiwakilishi kimoja cha mwanamume, na wakiwa wanaume wawili chumbani kila "yeye" ni kitendawili: nani amemshika nani mkono? Mwandishi analazimika kutaja majina kila mstari, au rangi ya nywele, au urefu, mpaka msomaji achoke na urefu wa mtu. Kiswahili kimejaliwa tabu kubwa zaidi na pia baraka kubwa zaidi. Andika "alimkumbatia", na hujasema kama ni mwanamume au mwanamke, si aliyekumbatia wala aliyekumbatiwa. Ukurasa mzima wa mapenzi unaweza kupita kwetu bila msomaji kujua. Teleny ingeandikwa kwa Kiswahili, pengine kadi ya Wilde isingehitajika.

Mwanamke mmoja wa Australia alilijaribu jambo hilo kwa Kiingereza. Diane Marchant alikuwa mpenzi wa Star Trek, ile tamthilia ya televisheni ya Marekani iliyorushwa kati ya mwaka 1966 na 1969, na mwaka 1974 alichapisha kisa kifupi sana kwenye toleo la tatu la Grup, jarida la mashabiki. Kilikuwa cha watu wawili kitandani, na hakutaja jina la mtu. Msomaji aliyejua alijua: ni Kapteni Kirk na Bwana Spock wa masikio yenye ncha. Ndicho kisa cha kwanza cha aina hiyo kuchapishwa ambacho wanahistoria wa mambo haya wanakitaja.

Majarida yale yalipigwa taipureta, mengine yakirudufiwa kwa stensili kama mitihani yetu ya shule, wino ukitia vidole rangi, kisha yakabanwa pini na kutumwa kwa posta. Kwa hadithi za watu wazima wauzaji wengi walidai mnunuzi aandike na kutia sahihi kwamba ana umri unaotakiwa. Walioandika walikuwa wanawake kwa wingi mkubwa. Waliandikiana barua, wakarekebishiana, wakamaliziana sura. Alama ya kuandika wapenzi hawa ilikuwa mstari wa mlazo kati ya herufi mbili, K/S, na alama hiyo ikawa jina la fasihi nzima. Kwetu alama hiyo inaitwa mkwaju. Mwalimu wangu wa Kiswahili alipenda kutukumbusha kuwa mkwaju ni mti wa ukwaju, na ni fimbo inayotoka kwenye mti huo, na yeye alikuwa nayo. Sijui kama wale kina mama wangefurahi kujua kuwa mapenzi ya Kirk na Spock yameunganishwa na bakora.

Wanaoeleza kwa nini wanawake waliandika mapenzi ya wanaume ni wengi, na sababu zao zinajaza vitabu. Mimi si mtaalamu wa nafsi za watu. Naona tu kwamba walikuwa hawalipwi, hawana ruhusa ya wenye tamthilia, na wengine walitumia majina ya bandia wasije wakajulikana makazini. Teleny ilikuwa imerudi, safari hii na masanduku ya posta.

Miaka hiyohiyo, Tokyo, wachoraji katuni wawili wa umri wa miaka ishirini na kitu walikuwa wamepanga nyumba moja huko Ōizumi, wilaya ya Nerima. Ni Takemiya Keiko na Hagio Moto. Walikaa pamoja kuanzia mwaka 1970 hadi 1973, wachoraji wengine wasichana wakija kulala, kula na kusaidiana kujaza wino. Ng'ambo ya njia aliishi Masuyama Norie. Huyu hakuwa mchoraji. Alikuwa msomaji, mpenda muziki na sinema, na ndiye aliyewatilia mikononi riwaya za Hermann Hesse na kuwaambia katuni za wasichana zinaweza kubeba mambo mazito kuliko zilivyokuwa zikibeba. Desemba 1970 Takemiya akatoa hadithi fupi ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya kwanza katika mkondo wa Kijapani wa mapenzi ya kiume. Hagio akafuata na zake, na mwaka 1974 akaanza The Heart of Thomas, kama inavyojulikana kwa Kiingereza.

Kazi kubwa ya Takemiya, Kaze to Ki no Uta, ilibaki kwenye madaftari miaka karibu sita kwa sababu wahariri hawakutaka kuigusa. Ilianza kutoka mwaka 1976 ikamalizika 1984. Jaladani ni Takemiya peke yake. Lakini Masuyama alifanya naye kazi miaka mingi, akifikiri visa, akichimba historia, akijadiliana naye wahusika, na baadaye akaiandikia hadithi hiyo mwendelezo kwa nathari. Nikiulizwa nani anastahili kadi ya nyongeza katika droo nzima, nitamtaja huyu mwanamke wa ng'ambo ya njia.

Nyumba ya Ōizumi ilivunjika vibaya. Takemiya alisimulia upande wake katika kumbukumbu za mwaka 2016. Watu wakaanza kumsumbua Hagio kwa maswali, wakitaka wawili wapatanishwe, wakitaka tamthilia itengenezwe. Mwaka 2021, akiwa ameshapita miaka sabini, akatoa kitabu ambacho kichwa chake kinasema wazi kuwa ataizungumzia Ōizumi mara moja tu, halafu basi. Nawaheshimu waandishi wanaojua kufunga mlango. Hadithi ya mapenzi inayovunjika kuliko zote hapo haiko katika katuni zao.

Vitabu vya madukani vilikuwa vikitembea polepole. Mwingereza E. M. Forster aliandika riwaya ya Maurice mwaka 1913 na 1914 akakifungia. Kilitoka 1971, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Alikuwa amesisitiza kwamba wapenzi wake wawili wamalizie kwa furaha, na furaha hiyo ndiyo iliyokuwa kosa: mwanamume anayekufa kama Teleny angesameheka kuliko anayebaki akiishi na mwenzake msituni. Mwaka 1970 Mmarekani Gordon Merrick alitoa The Lord Won't Mind, mapenzi matupu ya kiume, nacho kikauzwa mpaka kikakaa wiki 16 kwenye orodha ya vinavyouzwa sana ya New York Times. Hawa waliandika peke yao, kwa hiyo napita.

Ellen Kushner na Delia Sherman ndio wanaonirudisha kwenye droo yangu. Kushner alikuwa ametoa Swordspoint mwaka 1987, riwaya ya mji wa kubuni wenye wapiga panga na mabwanyenye, na mapenzi ya wanaume wawili yamewekwa katikati ya chumba bila mtu kushtuka. Mwaka 2002 yeye na Sherman, mwenziwe wa maisha, wakatoa pamoja The Fall of the Kings, katika mji uleule miaka mingi baadaye: Basil, mwalimu wa historia wa chuo kikuu, na Theron, kijana wa ukoo mkubwa. Majina mawili jaladani, ya wanawake wawili wanaolala nyumba moja, na hakuna aliyetumwa dukani na kadi ya mtu. Nilikisoma na penseli mkononi nikiwinda mshono. Penseli ilirudi mezani safi. Nilikasirika kidogo.

Halafu vitabu vya kielektroniki vikafungua geti. Havikuhitaji muuza duka wa kukubali kuviweka dirishani, na msomaji ndani ya basi hakuonyesha jalada. Mwaka 2008 Madeleine Urban na Abigail Roux walitoa Cut & Run: Ty Grady na Zane Garrett, maofisa wa FBI wasiopatana, wanapangwa pamoja kumsaka muuaji huko New York, na kutopatana kunageuka. Kwa mpenzi wa mshono kama mimi hiyo ni sikukuu. Watu wawili wanalazimishwa kushika kazi moja, wanaandikwa na watu wawili walioshika kazi moja. Vilitoka vitabu vinne kwa majina yote mawili, cha nne mwaka 2011. Cha tano kikaja na jina la Roux peke yake, na hivyo hadi cha tisa, mwaka 2015. Ty na Zane waliendelea pamoja. Nilisoma cha nne na cha tano usiku mmoja nikifuatana nao, na nikamkumbuka yule kijana wa Ilala, na nikajiuliza kama angekubali nimchukue yule mwanamke wake nimwandike peke yangu mpaka mwisho. Asingekubali. Ningemwacha ashindwe ugomvi.

Nacho Him kikatoka mwaka huohuo wa 2015. Wes na Jamie walikuwa marafiki wa kambi ya hoki utotoni, wakakosana, na sasa wanakutana wakiwa watu wazima. Sura moja anasema huyu, "mimi". Sura inayofuata anasema yule, naye "mimi". Ile tabu ya "yeye" wawili inapungua sana, kwa sababu mmoja wao daima ni mimi. Waandishi wote wawili walikuwa tayari na wasomaji wao kwa vitabu vya mapenzi ya mwanamke na mwanamume, na walitumia majina yaleyale. Mwaka 2016 wakakifuatishia Us. Majina yote mawili yako jaladani, kwa herufi kubwa.

Yule kijana wa theluji alikirudisha baada ya siku tatu na kuulizia hicho cha pili. Safari hii alikwenda B mwenyewe. Alipoondoka nilifungua droo yangu ya chini, ambamo bado nina bunda la kadi tupu nilizokuja nazo kutoka Tanga, zenye tundu chini la kupitishia fito. Taipureta sina. Nikaandika kwa kalamu, herufi za kusimama kama tulivyofundishwa: KENNEDY, Elle. Taz. BOWEN, Sarina. Nikaisimamisha kwenye K, kati ya vitabu viwili, tundu likiangalia nje.

Jumatatu msimamizi wangu alipita akikagua rafu. Aliivuta, akaigeuza, akaisoma pande zote mbili ingawa upande wa pili hauna kitu. Kisha akairudisha palepale.